Baiskeli inatikisika nyuma ya pikapu? Tafuta kinachosogea kabla hujakaza kamba

Baiskeli ikianza kutikisika nyuma ya pikapu, mkono wa kwanza huenda kwenye kamba. Mtu anaweka gari pembeni, anavuta kamba kwa nguvu zake zote, anapiga fundo jingine juu ya fundo, anaondoka. Akifika Muheza kamba imelegea tena, na safari hii rimu nayo imepinda. Nimeona hali hii mara nyingi mno kwa watu wanaotoka Tanga mjini na baiskeli zao kwenda Amani, Lushoto au Pangani, na inaniuma, kwa sababu kinachoharibika ni mali ya mtu na kingeweza kupona. Kukaza si dawa. Baiskeli inatikisika kwa sababu kuna kitu kinasogea: ama keria ndani ya bodi, ama baiskeli juu ya keria, ama bati la bodi lenyewe. Ukishajua ni kipi, marekebisho huwa madogo.

Nikisema keria hapa namaanisha chuma au mbao inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu ili kushika baiskeli. Ile ya nyuma ya siti ya baiskeli nitaiita keria ya mzigo, tusichanganyane.

Nenda moja kwa moja kwenye dalili uliyo nayo. Lakini kama bado hujanunua keria wala hujamwona fundi wa kuchomelea, anza na hii ya kwanza na usiisome kwa haraka, maana dalili nyingi zinazofuata huzaliwa hapo.

Keria ipo, baiskeli haitoshi

Chanzo ni kipimo cha macho. Bodi ya dabo kebini, iwe Hilux, Ranger au D-Max, ina urefu wa kama mita 1.5 kwa ndani. Singo kebini hufika mita 2.3 hivi. Sasa chukua futi upime baiskeli yako. Ya rimu 26 ina kama mita 1.7 kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Phoenix ya rimu 28, ile inayobeba nazi na magunia ya mkaa kila siku, inazidi mita 1.8. Maana yake kwenye dabo kebini hakuna baiskeli ya mtu mzima itakayosimama imenyooka na magurudumu yote mawili huku mlango wa nyuma umefungwa. Muuzaji akikuambia inakaa, mwambie aipandishe uone.

Mwenye singo kebini hana shida hii. Anaweza kufunga keria yoyote anayoipenda na akabaki na nafasi ya mizigo.

Mwenye dabo kebini ana njia tatu. Ya kwanza ni kutoa gurudumu la mbele na kubana foki, yaani uma unaoshika gurudumu hilo, kwenye kishikio kilichofungwa karibu na kebini. Kutoka foki hadi tairi la nyuma, baiskeli ya rimu 26 inabaki na kama mita 1.4, na mlango unafungwa. Za rimu 29 zenye fremu ndefu huvuka mita 1.5 hata bila gurudumu la mbele, kwa hiyo kishikio kifungwe kwa kuchepuka kidogo ili baiskeli ilale mshazari. Njia ya pili ni kuisimamisha nzima kutoka kona hadi kona. Inakaa, lakini baiskeli moja inakula bodi yote. Ya tatu ni mto wa mlangoni: gurudumu la nyuma ndani ya bodi, bomba la chini la fremu juu ya mlango, gurudumu la mbele linaning'inia nje. Hii ndiyo inayouzwa kwa picha nzuri kuliko zote, na kwa baiskeli nyingi za hapa Tanga ndiyo isiyofaa kuliko zote. Baiskeli zetu zina madigadi, zina vyuma vya kushikilia madigadi, nyingine zina dainamo. Vyote hivyo hugonga bati la mlango kabla bomba halijagusa mto.

Upana nao usisahau. Kati ya matuta ya magurudumu ndani ya bodi kuna kama mita 1.1, na juu ya matuta nafasi inaongezeka. Usukani wa baiskeli ya milimani una sentimita 70 hadi 78, kwa hiyo ukiziweka zote zikitazama upande mmoja, mbili tu zinajaza. Zipishane, moja itazame kebini na nyingine itazame mlango, na tatu zinakaa kwa raha. Ya nne itakaa kwa kubishana.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu wa Tanga ambaye leo anabeba baiskeli ya milimani, kesho Phoenix ya mjomba na keshokutwa machungwa ya Muheza, keria bora ni fremu ya skwea paipu yenye mfereji wa gurudumu na nguzo mbili za kulibana tairi, ikafungwa kwa bolti na kutolewa kwa bolti. Kwenye singo kebini utaisimamisha baiskeli imenyooka, kwenye dabo kebini ilale mshazari. Haishiki foki, haishiki fremu, haijali ekseli ni ya aina gani. Kishikio cha foki ni kizuri sana kwa mwenye baiskeli zenye ekseli ya kufungua kwa mkono na ambaye anajua atabeba hizo hizo tu.

Foki haiingii kwenye kishikio, au inaingia na kuchomoka

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kishikio cha foki cha kawaida kinachouzwa kina ekseli ya bandia ya milimita 9 kwa unene na nafasi ya milimita 100 kati ya ncha mbili za foki. Kimetengenezwa kwa baiskeli zenye mkono wa kufungulia haraka. Baiskeli zenye nati, ambazo ndizo nyingi mitaani kuanzia Ngamiani hadi Duga, mara nyingi zina ekseli ya mbele ya milimita 8 hivi, na mdomo wa foki umekatwa kwa unene huo huo. Milimita 9 haiingii kwenye mdomo wa 8. Mtu anasukuma, anagonga na nyundo ya mpira, halafu anachukua tupa.

Tupa usiiguse. Nilisimama kwa fundi baiskeli mmoja pale Ngamiani mteja akimwambia, "Kaka, nipigie tupa kidogo tu, milimita moja." Fundi alifuta mikono yake, akaigeuza foki juani akamwonyesha jinsi chuma cha mdomo kilivyokuwa chembamba. "Nitakupigia," akasema, "lakini gurudumu likikuchomoka kwenye mteremko usije hapa kunitafuta." Mteja aliondoka na foki yake nzima. Mdomo ule ndio unaoshika gurudumu wakati wewe uko juu ya baiskeli, na ukiupanua, ekseli yako ya milimita 8 inabaki inacheza ndani yake. Kwa baiskeli ya nati, achana na kishikio cha foki, tumia mfereji wa gurudumu.

Baiskeli za kisasa za milimani zina tatizo la upande wa pili. Foki yake haina mdomo, ina tundu, na ekseli inapita humo kama pini. Kuna za 15 kwa 100, za 15 kwa 110 na za zamani za 20 kwa 110. Baiskeli nyingi mpya za barabarani ni 12 kwa 100. Namba hizo ni milimita, ya kwanza unene wa ekseli, ya pili upana wa foki. Hapo unahitaji adapta ya kipimo chako hasa. Adapta ya 100 ndani ya foki ya 110 itaonekana imekaa, kisha ukiibana unazivuta ncha za foki zikaribiane. Foki haijajengwa kwa kuvutwa hivyo.

Sasa ile inayoingia na kuchomoka. Tazama ncha za foki yako. Nyingi zina vidomo vidogo vimesimama pembeni mwa mdomo, vimewekwa ili gurudumu lisidondoke mkono ukifunguka. Usipolegeza nati ya upande wa pili vya kutosha, kishikio kinabana juu ya vidomo hivyo badala ya kubana kwenye uso wa chuma. Mkononi unahisi kimekaza. Shimo la kwanza linakionyesha kuwa hakijakaza. Legeza nati, sukuma foki mpaka ikae chini kabisa, halafu funga. Mkono wa kufunga uanze kuwa mgumu ukiwa katikati ya safari yake, na ukimaliza kuufunga uache alama kwenye kiganja. Ukifunga kwa kidole kimoja, fungua uanze upya.

Inayumba kushoto na kulia

Hii ndiyo dalili inayowapeleka watu kwenye kamba. Iache kamba kwanza. Gari likiwa limesimama, panda kwenye bodi, shika siti ya baiskeli na uitikise polepole kushoto na kulia kama unavyotaka kuamsha mtu. Mwenzio aweke kidole kwenye kila maungio, moja baada ya jingine, nusu ya kidole upande huu na nusu upande ule: kati ya foki na kishikio, kati ya kishikio na mbao au chuma, kati ya keria na sakafu ya bodi. Macho hudanganya hapa kwa sababu vyote vinatembea pamoja, ila kidole kinahisi mahali ambapo pande mbili zinaachana. Hapo ndipo pa kurekebisha, na hakuna haja ya kugusa pengine.

Kidole kikihisi mchezo kati ya keria na sakafu, mara nyingi mkosaji ni plastiki ya bodi. Pikapu nyingi zina ile plastiki nyeusi ya kukinga sakafu. Ukifunga keria juu yake, bolti haibani chuma kwa chuma, inabana plastiki, na plastiki hunywea polepole ikibanwa, hasa ikipigwa jua la Tanga mchana kutwa. Unakaza Jumamosi, Jumatano nati inazunguka kwa vidole. Toboa plastiki tundu kubwa kuliko mguu wa keria, ili mguu au kipande cha bomba kiingie na kukanyaga bati lenyewe. Baada ya hapo bolti itakaa.

Mchezo ukiwa kati ya kishikio na mbao, angalia umetumia nini kukifunga. Skrubu za mbao hazidumu kwenye kazi hii, zinajichimbia tundu na kutoka. Weka bolti ya M8 inayopita mbao yote, washa pana chini na nati yenye nailoni ndani. Kichwa cha bolti kiwe na alama ya 8.8, usikubali isiyo na alama yoyote. Na kama mbao yako ya 2 kwa 6 ilitoka kwa muuza mbao ikiwa bado nzito kwa maji, jua kwamba itakauka na kusinyaa, bolti zitalegea zenyewe bila kosa la mtu. Zipitie upya baada ya wiki chache. Baadaye itatulia.

Keria zile za bomba linalorefushwa na kujibana kati ya kuta mbili za bodi zina ugonjwa wake. Ukuta wa bodi ni bati, na katikati ya urefu wake unabonyea. Bomba likisukuma hapo, ukuta unatoka nje kidogo, gari likiruka ukuta unacheza, bomba linateremka. Lihamishe mbele kabisa, karibu na kona ya kebini, ambako bati limekunjwa na lina nguvu. Kama limeshafika huko na bado linateremka, lifungwe kwenye ndoano za kufungia mizigo, kubana peke yake hakulitoshi.

Na kama maungio yote yametulia lakini baiskeli bado inayumba, basi ni gurudumu la nyuma. Foki iliyobanwa mbele inaiacha baiskeli izunguke kwenye foki hiyo kila kona, na barabara ya Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ina kona za kutosha kuimaliza. Gurudumu la nyuma lifungwe chini, karibu na sakafu, kwa mkanda mmoja unaovuta kushoto na mwingine kulia. Usifunge juu kwenye siti. Kufunga siti kunaipa baiskeli nafasi ya kucheza chini, na ndiko inakochezea.

Kwenye keria ya mfereji, kuyumba huwa ni mwanya. Fundi amechomelea nguzo kwa kipimo cha tairi nene la milimani, sentimita 6 au zaidi, halafu umeweka tairi la Phoenix la sentimita 4. Mwanya ule wa sentimita 2 unakuwa mtikisiko mkubwa huku juu kwenye usukani. Kata kipande cha tairi kuukuu, kikunje, kishindilie pembeni mwa gurudumu, kisha funga mkanda. Huna haja ya keria nyingine.

Inagonga, lakini ukisimama huoni kitu

Panda kwenye bampa la nyuma, rukaruka taratibu gari likiwa limesimama, mwenzio asikilize. Usimpakize mtu kwenye bodi ili asikilize barabarani.

Mlio mkavu wa chuma kugonga chuma mara nyingi ni mlango wa nyuma wenyewe, hauhusiani na baiskeli kabisa. Uvute kwa mkono, ukicheza kwenye kitasa chake, weka raba mahali unapofungia. Mlio mwembamba wa haraka ni cheni inayopiga fremu: weka gia kwenye sproketi kubwa nyuma ili cheni ivutike. Kengele ya usukani, stendi, keria ya mzigo na chuma cha madigadi hulia pia, na hizo zinamalizwa na vipande vya tyubu kuukuu.

Kuna mlio mmoja wa kuogopa. Ni ule mzito unaosikika mara moja kila gari linapoingia shimoni. Huo ni usukani wa baiskeli moja unaogeuka na kupiga fremu ya jirani yake, au pedeli iliyoingia kwenye spoku za nyingine. Geuza pedeli mpaka zilale kwa usawa, moja mbele na moja nyuma, zifunge kwenye fremu kwa mpira, na funga mpira mwingine kubana mkono wa breki ya gurudumu lililobaki. Gurudumu lisilozunguka haliirudishi pedeli kwenye spoku.

Kamba ilikuwa imekaza, sasa imelegea

Kamba ya nailoni inavutika, na ikilowa inavutika zaidi. Ukiifunga asubuhi ya manyunyu, ikifika mchana si ile uliyoifunga. Kamba ya katani, ambayo kwa mkoa wetu wa mkonge ni rahisi kuipata kuliko zote, inafanya kinyume: ikilowa inafura na kufupika, ikikauka inalegea. Ukiifunga kavu na mvua ya masika ikaipata njiani, inaweza kuibana fremu kuliko ulivyokusudia, na ukiifunga ikiwa imelowa, jua litakulegezea. Mpira wa tyubu ni mzuri kwa kutuliza vitu vidogo, lakini kwa tabia yake unavutika wakati wote, kwa hiyo usiupe kazi ya kushika baiskeli ya kilo 20.

Tumia mikanda ya poliesta, ile bapa yenye kibano cha kuvuta. Haivutiki ovyo, na maji hayaisumbui. Ile yenye racheti ni ya kushikia keria na mizigo mizito. Kwenye baiskeli racheti ina nguvu mno, mibano miwili ya ziada inatosha kupindisha rimu, na kwenye fremu ya kaboni inatosha kuipasua. Ukanda upite kwenye rimu pamoja na tairi, usipite kwenye spoku peke yake.

Halafu simama Pongwe. Huko ni mwendo mfupi kutoka mjini, na huko ndiko kila kilichokuwa kimekaa vibaya kinakuwa kimeshatafuta nafasi yake. Pitisha mkono kwenye kila mkanda na kila kibano. Anayekwenda njia ya Pangani naye asimame baada ya mwendo mfupi kama huo. Mkanda uliolegea mara moja baada ya kuanza safari ni kawaida, ukaze uendelee. Uliolegea mara ya pili unakuambia kuna kitu kinasogea, rudi kwenye kipimo cha kidole.

Rangi imechubuka

Mara chache ni mgongano. Mara nyingi ni vumbi. Vumbi jekundu la njia ya Amani likiingia kati ya mto na bomba la fremu linakuwa msasa, na kila mtikisiko unapiga msasa. Futa fremu na mto kabla ya kupakia, hata kama baiskeli inaonekana safi. Mahali panapoguswa pafungwe kitambaa kinachokaa palepale na kutembea pamoja na fremu. Kitambaa kinacholegea na kuteleza juu ya fremu kinasugua vilevile. Waya za breki na gia zilizopita chini ya bomba zisilaliwe na baiskeli kwenye mto, zinajikunja na utazijua baadaye gia zikianza kuruka.

Na baiskeli zisilazwe moja juu ya nyingine kwenye bodi, hata kwa safari ya kutoka Chumbageni hadi Raskazone. Pedeli ya juu huingia kwenye spoku ya chini, hakuna njia ya kulizuia hilo.

Baiskeli ilipanda nzima, imeshuka na breki inakwaruza

Kama una breki za diski za mafuta na ulitoa gurudumu la mbele, nina karibu hakika ya kilichotokea. Njiani kitu kilibonyeza mkono wa breki: usukani wa jirani, mkanda, au mtoto aliyesaidia kuipakia. Diski haikuwepo katikati, kwa hiyo pistoni zilitoka na pedi mbili zikakaribiana. Sasa diski haiingii, au inaingia kwa kusukumwa na inalia.

Usiifungue breki. Toa gurudumu, chukua kipande cha plastiki ngumu kilicho bapa na safi, kiingize kati ya pedi na uzisukume zirudi taratibu, upande huu na ule. Bisibisi usiitumie juu ya uso wa pedi, inauchimba. Safari nyingine, mara tu gurudumu likitoka, weka boksi lililokunjwa kati ya pedi. Boksi la dawa ya meno linatosha kabisa.

Kama mkono wa breki unabonyea mpaka mwisho bila nguvu, baiskeli ililala kichwa chini au ubavu na hewa iliyokuwa kwenye tangi dogo la mafuta imeingia kwenye bomba. Isimamishe, acha itulie, bonyeza mkono mara nyingi. Nguvu ikirudi, umepona. Isiporudi, hiyo si kazi ya barabarani, peleka kwa fundi akatoe hewa, na usiiendeshe kwenye mteremko wowote kabla ya hapo.

Diski inayokwaruza sehemu moja tu ya mzunguko imepinda. Ina unene wa chini ya milimita 2, kwa hiyo baiskeli iliyoegemea upande wa diski imeipindisha bila wewe kujua. Pakia upande wa diski ukiwa huru daima. Upande huo pia usikaribiane na cheni ya jirani: mafuta ya cheni yakigusa diski, pedi zinayanywa na breki inapoteza makali.

Kutu inaanzia kwenye matundu

Mji wetu uko baharini, na chumvi ya upepo haichagui gari jipya wala kuukuu. Tundu lililotobolewa kwenye sakafu ya bodi na kuachwa tupu huanza kuwa jekundu upesi, na masika ikiisha rangi inavimba kuzunguka bolti.

Kwanza jaribu kutotoboa kabisa. Ndoano za kufungia mizigo zimefungwa kwa bolti kwenye sehemu ambazo kiwanda kimeziimarisha. Fungua moja, peleka bolti yake dukani, tafuta yenye uzi ule ule lakini ndefu kidogo, uifunge keria hapo pamoja na ndoano. Uzi usipolingana usilazimishe.

Ikibidi kutoboa, lala chini ya gari kwanza uangalie. Kuna tangi la mafuta, kuna mabomba ya breki, kuna nyaya za taa za nyuma, na sakafu ya bodi haikuonyeshi lolote kati ya hayo. Ukishatoboa, piga tupa kingo za tundu mpaka ziwe laini, paka redi oksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, acha ikauke, paka rangi, acha ikauke tena, ndipo upitishe bolti na silikoni chini ya washa. Watu wanaruka zile "acha ikauke" mbili kwa sababu fundi ana haraka. Mwambie utakuja kesho.

Keria ya skwea paipu inaoza kutoka ndani. Maji yanaingia kwenye mwisho ulio wazi na hayana pa kutokea. Fundi azibe ncha kwa kuchomelea, au atoboe tundu dogo upande wa chini la kutolea maji. Na mahali ambapo kishikio cha alumini kinakutana na chuma, paka grisi na weka kipande cha raba au plastiki nyembamba iliyo ngumu katikati, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa na kuacha unga mweupe. Unga huo ukiuona, fungua, safisha, angalia kama bolti bado ina chuma cha kushika.

Umesimamishwa kwa sababu ya taa au namba

Rudi nyuma ya gari lako hatua kadhaa, taa zimewashwa, na utazame kama dereva anayekufuata. Gurudumu linaloning'inia mlangoni huficha namba au taa ya breki, na mlango ulioachwa wazi huficha namba nzima. Hili ni la dakika moja, lifanye kabla hujaondoka nyumbani. Kioo cha katikati kikijaa baiskeli, weka vioo vya pembeni sawa kabla ya kuondoka.

Unaiacha baiskeli kwenye bodi na roho haitulii

Kishikio chenye kufuli kinalinda foki tu. Mwenye haraka anaiacha foki na kishikio chake, anachukua siti na gurudumu la nyuma. Pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma, uufunge kwenye ndoano ya bodi. Usiufunge kwenye keria, kwa sababu keria inayotoka kwa spana ya 13 inatoka pamoja na baiskeli. Bolti za keria zenyewe zifungwe kwa nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine. Gurudumu la mbele ulilolitoa liingie ndani ya kebini. Kwenye foleni ya kivuko, ambako watu wengi hupita karibu sana na magari yaliyosimama, siti ya kufungua kwa mkono nayo iingie ndani.